Kibandiko cha Japani

Kwa miaka kumi na tisa Mama Ngalula alifundisha biolojia katika sekondari moja ya mji wa Kamina bila kutamani gari. Alilitamani mwaka huu, siku ile binti yake Lise, mgonjwa wa selimundu, aliposhikwa na maumivu akiwa amebanwa kwenye pikipiki kati ya mama yake na dereva. Kila shimo la barabara lilimtoa mtoto ukelele. Tangu hapo mama alitaka kitu kimoja tu: kiti cha nyuma ambapo Lise angeweza kujilaza, ndani ya gari lisilozima kabla ya kufika hospitali.

Basi Jumamosi asubuhi yeye na mumewe Mbiya wakaenda kwa Papy, muuza magari, karibu na stesheni. Magari ya Papy yalitoka Japani yakiwa na usukani kulia. Mafundi wa Lubumbashi waliuhamishia kushoto, wakaziba tundu lililobaki kwa kipande cha plastiki, kisha treni ikayaleta Kamina yakimeremeta. Papy mwenyewe alikuwa msomaji wa zaburi parokiani, na sauti yake ilikuwa tamu hata kiwanjani.

“Karibu, Mama Lise! Hii njo mutuka. Japani yenyewe! Angalia, hata nailoni ya viti bado iko.”

Mbiya aliigusa nailoni ile kama mtu anayegusa kitambaa cha harusi. Watu wa Kamina hawaivui mpaka ichanike yenyewe, maana ndiyo shahidi kwamba gari halijakaliwa. Ngalula alinusa. Chini ya manukato ya kinyozi palikuwa na harufu ya tambara bichi. Akainua pembe ya nailoni: kiti kilikuwa na doa la kahawia, pana, lenye umbo la makalio ya mtu.

“Papy, nani alivalisha hii kiti?”

“Bale baJapani, mama! Banapenda usafi mingi.”

Akageukia dashibodi, akasoma: kilometa elfu sitini na moja. Kisha akaufungua mlango wa kulia, uliokuwa wa dereva zamani. Kwenye nguzo yake palikuwa na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, kimefutwa vumbi kwa upendo.

“Ile siwezi kuitoa hata siku moja,” Papy alijisifu. “Njo paspoti ya mutuka.”

Ngalula hakujua Kijapani. Lakini picha ya kopo la oili aliielewa, na tarakimu ni za watu wote: oili ilikuwa imebadilishwa kwenye kilometa 148,300.

“Papy, hii mutuka ilianza kurudia kinyumenyume lini?”

Papy alitazama kibandiko, akatazama dashibodi, akacheka. “Mama, kilometa iko kintu ya bazungu. Hapa tunanunua moteri, hatununue namba!”

Na Mbiya naye akacheka. “Mama Lise, usituletee darasa hapa.”

Kicheko hicho ndicho kilichomuuma. Mwizi kuiba ni kazi yake. Lakini baba wa mgonjwa kumchekea mwizi?

“Siku moteri itazima kwa njia ya hospitali,” alimwambia Papy, “utakuya kumusomea Lise zaburi?”

Akaondoka kwa miguu. Mbiya akamfuata.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Kalunga, muuguzi mstaafu wa Base, kambi ya jeshi, aliyekuwa akiuza gari alilolinunua likiwa jipya Lubumbashi, usukani kushoto tangu kuzaliwa. Rangi yake ilikuwa ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopashwa moto mara tatu. Mbiya alikuwa ameshalikataa, akiliita gari la mazishi.

“Iko na makosa,” alisema Kalunga kabla ya kuulizwa. “Mulango ya nyuma haifunguke na ndani. Klima ilikufa, haitoe tena baridi. Na inakunywa mafuta kuliko miye pombe ya lutuku.”

Akampa daftari la gereji. Ngalula alilinganisha kurasa, akainua mazulia, akanusa viti, akapekua karibu saa nzima akiutafuta uongo. Mzee alibambua karanga zake bila kununa.

“Tafuta, mama. Miye pia ningetafuta.”

Hapo akaona aibu. Mji gani huu, ambamo msema kweli hupekuliwa kama mwizi?

Lise aliitwa kutoka nyumbani, akajilaza nyuma. Kalunga aliendesha polepole, akapita makusudi juu ya shimo.

“Inauma?” mama aliuliza.

“Apana, mama. Lakini inanuka karanga.”

Wakalichukua.

Jumatatu, wakimpeleka Lise kuonwa na daktari, walipita kwa Papy. Lile gari lilikuwepo bado, mlango wa kulia wazi. Palipokuwa na kibandiko palikuwa pamebaki mraba safi. Mume na mke wageni walikuwa wakiipapasa nailoni. Mbiya alisimamisha gari bila kuambiwa, akateremka, akawaeleza yale ya kilometa. Yule mume alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapasuka kwa kicheko.

“Baba, hapa tunanunua moteri, hatununue namba!”

Mbiya alirudi usukanini, uso umesawijika. Akaendesha mpaka hospitali. Huko aliteremka, akazunguka gari, akamfungulia binti yake ule mlango usiofunguka kwa ndani.