Majani Si Dawa

Alhamisi, tarehe 6 Novemba. Mvua ilianza kabla ya saa moja asubuhi, nyembamba, ya upepo wa ziwani, ile inayomlowesha mtu bila kumpa sababu ya kujikinga.

Naandika nikiwa nimesimama, daftari liko dirishani, maana nikikaa nainuka tena. Leo nimemsemea yaya wangu, dada yangu mkubwa, kwa daktari, na mpaka sasa sijui kama nimemsaidia au nimemsaliti.

Yaya ana kanseri ya utumbo mpana. Alipasuliwa Kigali mwezi wa sita, na sasa huenda huko kutundikiwa dawa ya kwenye mshipa. Kabla ya kila safari hupimwa damu kwanza hapa Gisenyi. Leo daktari alitazama karatasi, akasema ini limechoka, safari ya Jumatatu isimame. Kisha akauliza kama mgonjwa anakunywa dawa nyingine yoyote.

"Hapana," yaya akajibu. "Mi sikunywaka dawa ingine."

Wala hakudanganya. Hilo nataka liandikwe vizuri. Kwetu dawa hutoka kwa muganga, awe wa hospitali au wa kienyeji: anakupa, anakuambia unywe mara ngapi. Umubirizi, ule mti mchungu ambao mama zetu walitunywesha tukiumwa tumbo, unauchuma mwenyewe kwenye ua. Ni majani tu.

Anayanywa wiki ya tano sasa, glasi moja asubuhi, moja jioni. Aliyemletea ni mimi. Nilisikia redioni kwamba watafiti wanachunguza mimea michungu, na kwamba maji yake yaliua chembe za kanseri ya utumbo. Nilikuwa napiga pasi. Labda walisema zaidi, sikusikia. Kesho yake nikaenda Kanzenze kwa shangazi, nikarudi na mfuko umejaa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini siku hiyo nilijiona mwalimu.

Tulipotoka nje, barazani pa kliniki, nilimwambia yaya lazima tumweleze daktari. Akasema nisimletee aibu, atatuona washamba. Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena. Nikisema, watamkataza kitu alichokiamini; nisiposema, ini litazidi kuumia. Mwisho nikarudi ndani peke yangu, nikaeleza yote, pamoja na redio.

Daktari alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Hakunigombeza. Alisema nilichosikia huenda ni kweli, ila chembe hizo zilikuwa ndani ya kichupa, na kichupa hakina ini. Hata mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, alisema, asili yake ni mti wa China. Tofauti ni kwamba watu walikaa miaka wakipima kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaumiza.

"Sisemi ni majani yaliyochosha ini," akasema. "Inaweza kuwa hata dawa zetu. Lakini akiendelea kuyanywa, sitajua. Ayaache wiki mbili, tupime tena."

Nilimheshimu kwa kutoyasingizia majani.

Nilipogeuka, yaya alikuwa amesimama mlangoni, kumbe alisikia. Njiani alitangulia na mwamvuli wetu mmoja, mimi nyuma mvuani. Karibu na soko akasimama.

"Umenikatia dawa mbili siku moja," akasema. "Bon. Sasa mi niishi na nini?"

Mbili. Asubuhi yalikuwa majani tu. Nikamfikia pale aliposimama. Akasogeza mwamvuli kidogo, nusu ya bega langu ikapona mvua.

Nyumbani aliichukua chupa ya chai yenye maji ya umubirizi, akayamwaga mwenyewe kwenye mfereji, akaisuuza mara tatu. Majani makavu hakuyatupa. Ameyafunga fundo kwenye mfuko, ameyaweka juu ya kabati. Kama ni ya kusubiri wiki mbili, au ya kesho nikiwa sokoni, sikumuuliza. Ningekuwa mimi, nisingependa kuulizwa.

Jioni tulikula viazi, sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na dodo, mchicha wetu. Yaya alisukuma dodo pembeni mwa sahani, akaniuliza, "Na hii je, ni mboga ao ni dawa?" Nikasema ni mboga. Kisha nikasema nitauliza. Alimaliza viazi, akala sambaza nusu, na dodo yake nikaila mimi.