Mfupa wa Moyo wa Ng'ombe

Buchani walimwita Profesa, na cheo hicho hakukipata darasani. Alikipata kwa kukataa kumpimia mtu nusu kilo ya nyama kabla ya kumhutubia. Somo lake kuu lilikuwa moyo wa ng'ombe. Aliupasua juu ya gogo, akachokoa kwa ncha ya kisu, akatoa kimfupa kilichopinda kama kucha.

"Mnaona? Ng'ombe ana mfupa moyoni na bado anakimbia."

Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba vali ya moyo wake imeota chokaa, Profesa alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anayesahihisha karatasi ya mtoto mzito wa kuelewa.

"Ni kama mlango usiofunguka vizuri, mzee," daktari alisema kwa sauti ya mama aliyeamka mapema mno. "Ndiyo maana pumzi inakukatika ukibeba mzigo. Na chokaa hii mara nyingi haiji peke yake. Sigara, presha, mafuta kwenye damu, hivyo hivyo ndivyo vinavyoziba mishipa inayoulisha moyo. Rudi Jumanne tuikague, kabla haijakuangusha."

Profesa akatia mkono mfukoni, akakiweka kimfupa mezani.

"Binti yangu, nimepasua mioyo mingi kuliko wewe."

"Sibishi. Ila ng'ombe kaumbwa kuwa nacho, tena kimekaa pembeni ya mlango. Cha kwako kimeota mlangoni penyewe."

Profesa akakichukua kimfupa chake na kuondoka. Elimu ya siku hizi, alijisemea, imeshuka sana.

Jumanne ilipofika, akaenda buchani kama kawaida. Kwenye foleni alikuwepo fundi cherehani wa jirani, mtu ambaye huwezi kuuona mdomo wake ukipumzika. Profesa akabeba mguu wa nyuma wa ng'ombe aupandishe kwenye ndoano. Katikati ya safari kifua kikambana. Akaukumbatia ule mguu kama ndugu waliopotezana miaka mingi, jasho likimtiririka.

"Napumzisha nyama," akasema.

"Maskini, nyama imechoka," mkewe akajibu, akiendelea kufunga vifurushi. "Si leo ndiyo siku ya daktari?"

"Mama watoto, usianze. Katika mioyo yote iliyopita hapa, umewahi kuona hata mmoja wenye chokaa?"

"Sijaona. Kwani ng'ombe wako huja na miaka mingapi?"

"Mitatu, minne. Akizidi hapo nyama inakuwa ngumu."

"Na wewe?"

Profesa akatazama moyo uliokuwa juu ya gogo: mwekundu, laini, wa mtoto tu. Mioyo yote aliyopasua ilikuwa ya watoto.

"Sitini na miwili," akasema polepole.

"Nyama hiyo hata uichemshe kutwa nzima haiivi," fundi cherehani akadakia.

"Wewe mwenye maneno," mke akamwambia, huku akimvua mumewe aproni na kujifunga mwenyewe, "mshike mkono umfikishe hospitali. Nyama yako utaikuta."

Hospitali ilikuwa mtaa wa pili. Walikwenda taratibu, na kwenye kila nguzo ya umeme fundi cherehani alisimama, safari hii bila neno, akimsubiri Profesa apumzishe nyama.