Dagaa wa Mchangani

Sisi wanawake wa msikitini tulikuwa tukigawa chakula chetu, wenzetu wa kanisani chao, na watu wakipanga foleni kupokea mfuko uliokwisha kufungwa. Foleni ile ilinikera, acha tu! Mwaka huu tuliungana, tukafungua genge pale Buzebazeba. Hakuna kulipa, mtu anachagua mwenyewe unga, maharage, mawese au dagaa.

Siku ya kwanza, mama mmoja tuliyemzoea kwenye foleni akatafuna dagaa mmoja, akatema.

"Jamani, hawa wameanikwa mchangani! Wa kwenye chanja, wasiogusa mchanga, hamna?"

Vigelegele tulivyopiga! Maana dagaa wale wale wa mchangani ndio tuliokuwa tukimfungia siku zote, naye akipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, bila kulalamika hata siku moja.