Gari la Amana

Sisi watu wa kisiwa cha Amu magari yetu hulala ng'ambo. Vichochoro vya mji wetu punda wawili wakikutana mmoja hungoja, sembuse gari. Basi mwenye nalo huliacha bara kwa mtu wake, akapanda boti akarudi nyumbani kwa miguu. Langu, dizeli kuukuu, nililiacha Kililana kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Yeye hulima huko siku za wiki, na Alhamisi huvuka kuja kwa mkewe. Nilipompa ufunguo nilimwambia, "Hii ni amana." Akaupokea kwa mikono miwili, na mimi nikalala usingizi miaka sita.

Mwaka huu nililihitaji kwa jambo zito. Dada yangu alikuwa apasuliwe Mombasa, ana uvimbe tumboni, na presha yake hupanda kwa kitu kidogo tu. Mara ya kwanza tulipompeleka, gari lilitupulizia hewa ya moto tangu Mokowe, na hatujafika Malindi akazimia. Hospitali walimpima presha wakakataa kumgusa. Wakampangia siku nyingine, na daktari akaniita kando: akija tena katika hali hii, nitamrudisha tena, na huo uvimbe haungoji.

Shemeji akasema gesi ya kiyoyozi imekwisha. "Gari limezeeka, shemeji, lina haki ya kuchoka." Akacheka, nami nikacheka.

Lakini mimi ni fundi wa majokofu. Hoteli za Shela ndizo zinilishazo. Siku moja kabla ya safari ya pili nikavuka, nikafika shambani kwake asubuhi, yeye yuko kwenye mahindi. Nikawasha injini, nikashika bomba la kiyoyozi: baridi, linatoka jasho. Gesi ipo. Na nyuma ya dashibodi nikasikia tak-tak-tak, kitu kinajaribu kugeuka hakiwezi. Hapo nikajua. Ndani mle mna kilango kidogo cha plastiki kinachogeuzwa na mota, upande huu hewa ya moto, upande huu ya baridi. Kilango kimekwama kwenye moto.

Nikatoa kile kisanduku cha mbele ya abiria, nikalala chali miguu ikining'inia nje ya mlango, bisibisi mdomoni. Skrubu tatu, mota ikashuka. Giya yake ya plastiki ilikuwa imelika meno mawili kwa kuhangaika. Nikakisukuma kilango kwa kidole. Kikaenda nusu, kikagota. Kuna kitu kimeangukia mle kupitia matundu ya chini ya kioo cha mbele. Nikaingiza koleo nyembamba, nikavuta taratibu.

Kikatoka kikuba, kile kishada cha maua wanawake wetu wajipambacho kifuani. Asumini zimekauka zimekuwa kahawia, rehani imesagika, na pini yake ndiyo iliyojichomeka pale kilango kinapozungukia. Nikakigeuza mkononi. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa kijani, mizunguko saba, fundo limefichwa kwa ndani. Amu nzima ni mwanamke mmoja afungaye kikuba hivyo, dada yangu, naye hakuwa amevaa kikuba tangu augue, na katika gari hilo alipanda siku ile moja tu, amejifunika shali, anatapika.

Nilipomwona shemeji anakuja na birika la chai, nilikiweka juu ya boneti. Akakitazama. Birika akaliweka chini polepole.

"Ni halali, shemeji," akasema. "Nimeoa kwa walii na mashahidi. Mwezi wa Mfungo Sita."

"Kwa gari langu."

"Watu walitaka bibi harusi aje kwa gari."

Kwa hiyo Kililana nzima iliimba ikilizunguka gari langu, na mimi ng'ambo natengeneza barafu za wageni. Sikumkatalia mke wa pili, hiyo ni haki yake na Mola wake. Lakini kuoa ndicho kitu tunachokitangaza kwa ngoma, yeye alikuja nacho kama mwizi wa kuku. Nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma: kikuba hiki alikipataje?

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia ni cha mke wa rafiki yangu. Akakifunga mwenyewe, akakisomea dua, amwombee bibi harusi kheri na watoto."

Dada yangu hana mtoto. Wallahi nilitaka kumpiga lile birika la kichwa. Mkono ulishafika, nikaurudisha. Mtu niliyekula naye sinia moja miaka yote hii, kumbe mwenzangu ana sinia lingine.

"Usimwambie kabla hajapasuliwa," akasema. "Utamuua."

Na hapo ndipo aliponishika, maana alikuwa anasema kweli. Nilirudi chini ya dashibodi. Ile giya nikaitoa, nikaizungusha nusu, meno mazima yakakaa penye kazi, kwani kilango hakihitaji duara zima. Nikarudisha mota, nikawasha. Kilango kikageuka kimya, hewa ikaja baridi ya kuumiza vidole. Nimetengeneza vitu vingi maishani, sijapata kuchukia kufaulu kwa kazi yangu kama siku ile.

Kesho yake alfajiri dada alivuka, tukaondoka watatu. Yeye mbele kando yangu, mumewe nyuma. Tulipoipita Witu alifungua mtandio kidogo, akafumba macho, hewa inampiga usoni.

"Leo ndia ni tamu," akasema. "Kaka, mwelekezee na mume wangu hewa, namwona anatoka jasho."

Kweli alikuwa anatoka jasho. Nikavielekeza vitundu vya hewa nyuma, sikumtazama kwenye kioo. Dada akanyoosha mkono kati ya viti, akamshika mumewe kidole.

"Mungu akulipe, mume wangu," akasema, "kwa kuitunza amana ya kaka yangu, na kunitunza na mimi. Nisipoamka huko, nimekuradhia."

Akangoja tuitikie. Tukaitikia wote wawili, mimi na yeye, kwa sauti moja.

"Amin."