Siku Verlin Alipotaka Kubadili Bunduki kwa Jokofu

Mkwe wangu Verlin ana bunduki nyingi kuliko soksi. Jioni hukaa jikoni kwangu akizipaka mafuta na kuniuliza ipi aende nayo kuwinda kulungu, kama bibi harusi anayechagua gauni. Mwisho huchukua ile ile ya marehemu baba yake, yenye kitako cha mbao kilichochakaa. Bunduki hiyo, nakuapia, iliwahi kumpiga kulungu ng'ambo ya mlima, na kulungu akaomba radhi kwa kusimama mbali.

Mwaka huu akaifungia darubini mpya ya kulengea, kubwa kama chupa ya maziwa. Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa kuwinda, jimbo letu zima la Montana huwa kwenye uwanja wa shabaha kupima bunduki. Nami nikaenda na kahawa yangu. Verlin akakaa meza moja, mwanangu Orrin meza ya pembeni, kila mmoja na karatasi yake ya shabaha kule mbali.

Verlin akapiga. Tukachungulia: karatasi yake safi kama shuka la hoteli. Akakaza skrubu, akabadili risasi, akabadili hata kofia. Safi.

"Mama, hii imepatwa na nini?"

"Imenuna. Umeivisha miwani bila kuiuliza."

Orrin naye, ambaye hawezi kupiga ukuta wa ghala hata akiwa ndani ya ghala, alikuwa anarukaruka. Karatasi yake imetoboka katikati kabisa!

"Shemeji, njoo ufundishwe!"

Verlin akanywea. Akakipapasa kile kitako kama anayeaga maiti. "Orrin, si uliitaka siku zote? Nipe lile jokofu lako la nyama, uichukue. Siwezi kuiona imekufa mikononi mwangu."

"Nimekubali!" Orrin hakungoja hata amalize.

Mimi sikuelewa kitu. Bunduki haifi hivi hivi. "Ngojeni. Verlin, piga moja ya kuagana. Wewe Orrin, usiguse yako, na ufunge mdomo kama unajua unavyofungwa."

Verlin akapiga. Karatasi yake, safi. Ya Orrin, tundu jipya.

Tukatazamana.

"Mzimu," Orrin akanong'ona.

Ikapandishwa bendera nyekundu ya kusimamisha upigaji, bunduki zote zikaachwa mezani bila risasi, tukaenda kuangalia. Matundu kwenye karatasi ya Orrin yalibanana, ungeyafunika kwa kikombe. Darubini ile ilivuta karibu mno. Verlin aliona duara moja jeusi tu, akaamini kuwa ni lake, kumbe la jirani.

"Basi risasi zangu zimekwenda wapi?" Orrin akauliza.

Hakuna ajuaye mpaka leo. Mlima wa nyuma naona umepungua kidogo.

"Na mabadilishano yetu je, shemeji?"

Verlin alikuwa amesharudi mezani, ameikumbatia bunduki kama kichanga, anaelekea garini.

"Kaa na jokofu lako," akasema bila kugeuka. "Weka viazi. Nyama huna."