Boila ya Mzee Anverali na Kioo Nilichokivunja

Jumamosi moja ya Februari 2008, saa tatu asubuhi kweupe, nilivunja kioo cha mlango wa mzee wa watu kwa spana.

Sikuwa mwizi. Nilikuwa fundi wake.

Nilivunja kwa sababu niliamini mzee na mkewe wamo ndani wamekufa, na aliyewaua ni mimi.

Nimekaa na mkasa huu miaka. Sasa wenyewe wamenipa ruhusa niuseme. Au tuseme ukweli, mkewe ndiye kanipa, mzee kaguna tu.

Naitwa Methodius, Mhaya wa Bukoba, ila makazi yangu ni Malvern, huku Toronto. Kazi yangu ni boila za gesi. Kwa mlioko kwenye jua, boila ni lile dude la chuma linalokaa chini ya nyumba, linachemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba ya kila chumba ili watu wasigande. Laiseni yake nimeisotea, sikuiokota.

Ijumaa, siku moja kabla, niliitwa East York kwa Mzee Anverali.

Mzee ni Mhindi wa Tanga, Ismailia, ameondoka nyumbani mwaka sabini na mbili. Kiswahili chake bado kinanizidi. Enzi zake alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mkonge, na boila yake ilikuwa na umri wangu na chenji. Nusu ya vipuri vyake alivichonga mwenyewe.

"Mimi na hii tumezeeka pamoja," akaniambia kule besimenti, chini ya nyumba, akiipigapiga ubavuni. "Inakohoa tu. Isafishe, ifunge, uende zako."

Nikafungua kifuniko, nikamulika tochi.

Nikajua nimeyakanyaga.

Chuma kimepasuka. Masizi yamejaa. Moto badala ya kusimama wa bluu ulikuwa wa njano, unalamba nje. Nikatoa kipimo changu, kikaonyesha hewa ya sumu imeanza kuvuja. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Unalala vizuri tu, halafu huamki.

Ukutani palikuwa na kengele ya kutambua sumu hiyo. Nikaibonyeza. Kimya.

"Betri nimeitoa," mzee akasema. "Ilikuwa inapiga kelele kila siku, imeharibika. Betri yake nimeiweka kwenye redio."

Kila siku. Nikahisi jasho kwapani, na nje ni baridi ya kukata masikio.

Sheria ya huku iko wazi. Fundi akikuta hali hiyo anafunga gesi palepale, anabandika kibandiko chekundu, hakuna mjadala. Kibandiko kilikuwa mfukoni mwangu.

Mzee akakiona kinachungulia.

"Methodius, nisikilize. Mwanangu Alykhan amesema boila hii ikifa, nyumba inauzwa, tunahamia kwake Brampton. Nitawekwa besimenti kama gunia la viazi. Mimi ni sawa na baba yako. Sema inatengenezeka."

Sijui wewe umelelewaje. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima hapingwi usoni. Baba akisema jambo, hata kama limepinda, unainamisha kichwa, unajibu ndiyo, halafu ukweli unautafutia njia ya pembeni.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sawa mzee."

Nikafuta masizi, nikakaza hiki na kile, moto ukatulia kidogo. Nikajiambia itavumilia hadi Jumatatu, nitarudi na maneno mazuri zaidi. Nilijua najidanganya.

Juu jikoni mkewe, Mama Nargis, alikuwa ameshaandaa chai ya tangawizi.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

Akaniangalia, akaangalia na kikombe nilichokiacha nusu. Akanifungia vitumbua kwenye foili.

Barabara nzima hadi Malvern vitumbua vile vilikaa kiti cha pembeni na sikuvigusa. Nyumbani nikakaa, nikasimama, nikachungulia dirishani, nikakaa tena.

"Wewe leo uko na nini?" mke wangu Wamaitha akaniuliza. Yeye ni wa Limuru, hana maneno ya kuzunguka. "Umefungua friji mara nne na hujatoa kitu."

Nikapiga simu ya nyumbani kwa mzee saa moja jioni. Haikupokelewa. Ni Ijumaa, nikasema, wako jamatkhana wanasali.

Saa tatu nikapiga tena. Kimya. Nikajipa moyo kwamba wazee hulala mapema.

Hilo neno "hulala" ndilo likanimaliza. Nilijigeuza kitandani kama chapati hadi kukakucha.

Asubuhi nikapiga mara sita. Hakuna mtu. Nikamweleza Wamaitha yote, mpaka kile kibandiko.

Hakunigombeza. Alinitupia funguo za gari.

"Nenda. Ukiwakuta wanakunywa chai, kunywa nao."

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Gari la mzee lilikuwa palepale, limefunikwa lote. Kwenye ngazi hapakuwa na unyayo hata mmoja, wa kutoka wala wa kuingia.

Nikabonyeza kengele. Nikagonga. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Ndipo nikachukua spana.

Ndani kulikuwa na baridi kali kuliko nilivyotarajia, na jikoni maji yalikuwa yanachuruzika kwenye sinki. Nikaita, "Mzee. Mama." Nikapanda ghorofani. Mlango wa chumba chao umefungwa.

Nikashika kitasa nikashindwa kukizungusha. Mkono unatoka damu, nasali Salamu Maria na kuipoteza katikati, naanza upya. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikafungua.

Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu.

"Nani huko juu? Polisi nimeshawaita."

Sauti ya mwanamke, chini mlangoni. Nikashuka nimeinua mikono. Alikuwa jirani yao, Bi Lourdes, Mgoa wa Mombasa, kavaa gauni la kulalia na mabuti, ameshika koleo la theluji tayari kunipasua.

"Bi Lourdes, ni mimi. Methodius wa boila."

Koleo likashuka. "Ala, wewe? Wenyewe hawapo. Jana jamaa zao waliwapeleka jamatkhana, na walipotoka huko wakaenda moja kwa moja kwa dada yake Nargis, St. James Town. Nargis alinipigia simu niwaangalizie nyumba. Amesema boila ina sumu."

"Nani amemwambia ina sumu?"

"Amesema ni wewe."

Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Polisi alipofika, Bi Lourdes ndiye aliyemweleza.

St. James Town niliwakuta ghorofa ya kumi na saba. Mzee ameketi dirishani, amenipa mgongo. Mama Nargis akanifunga mkono kwa kitambaa kwanza.

"Mama, mimi sikukwambia kitu."

"Uliniambia. Miaka mitatu unakuja kwangu, hujawahi kuondoka bila kuomba kikombe cha pili. Jana hata cha kwanza hukumaliza, na viatu ulivivaa bila kufunga kamba. Nikasema, kama fundi anaikimbia nyumba hii, mimi nangoja nini?"

Kumbe nilipotoka tu, alizima swichi ya boila na kufungua bomba lichuruzike ili maji yasigande. Jamatkhana kwisha, akamwambia mumewe hapandi gari la kurudi nyumbani. Miaka arobaini na tisa na fundi mitambo, swichi alikuwa anaijua.

Akanisogezea chai. Akakaa mbele yangu.

"Ulimheshimu mzee, vizuri. Lakini na mimi nalala nyumba ileile, Methodius. Mimi hukuniuliza."

Nikakiweka kikombe chini.

Mzee akageuka. "Haya. Niambie mimi, usoni."

"Mzee, boila imekufa. Haitengenezeki. Ilipaswa kufungwa jana, na mimi niliogopa kukwambia."

Akaiangalia mikono yake, ile iliyochonga vipuri.

"Ile kengele," akasema polepole, "kumbe ilikuwa inasema kweli."

Mama Nargis akamshika goti. "Na nyumba haiuzwi. Alykhan nimeshampigia. Nimemwambia asubiri nife kwanza, na nina mpango wa kuchelewa."

Wiki iliyofuata nilifunga boila mpya. Mzee alikaa kwenye kigoda siku nzima na tochi yake, anakosoa kila kiungio.

"Hapo patavuja."

"Hapana mzee, hapavuji."

Mara ya kwanza hilo neno "hapana" nililisema nikiwa nimeinamia bomba. Kufika jioni nilikuwa nimelizoea, na yeye alikuwa anacheka. Betri ya redio aliirudisha kwenye kengele kwa mkono wake. Kioo cha mlango nacho nikabadilisha, ila rangi yake haifanani na ya vingine, na Mama Nargis amekataa kisiguswe.

Ndugu msomaji, wakubwa tuwaheshimu. Ila "ndiyo" ya uoga si heshima, ni kumkimbia mtu ukiwa umesimama mbele yake. Na unapomfurahisha mmoja, kuna mwingine yuko jikoni, hajaulizwa.

Siku hizi mzee yeyote akiniambia niseme boila yake inatengenezeka, simjibu kwanza. Namuuliza, "Humu ndani mnalala wangapi?"