Ulimi wa Bibi na Sabuni ya Babu

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na naandika polepole. Mwenzangu wa chumba hapa Abu Hamour, huku Uarabuni, Mkenya anayeitwa Atieno, ananicheka: "Wewe dada, watu wote wanatuma voisi, wewe bado uko na kalamu? Hiyo barua itaisha na mkataba wako!" Lakini mimi nikiambiwa niongee, sauti hunikauka. Kuandika naweza.

Harufu ya kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, ikichemka na mafuta ya nazi hukaba koo kabla pua haijaitambua. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, Tanga, kwa babu na bibi waliomzaa mama yangu, Rehema. Babu alikuwa mmoja wa wenyeji wa kwanza kufanya kazi ya ukemia katika kiwanda cha sabuni mjini kwetu, na hakuna sabuni iliyomwagwa kwenye fremu za kugandishia kabla yeye hajaipima maabara. Bibi alikuwa akifunga miche ya sabuni kwa karatasi kwenye kiwanda hichohicho, ndiko walikoonana. Kiwanda kilifungwa kabla sijazaliwa, mitambo ikauzwa kama chuma chakavu. Wakaanza kupika sabuni wenyewe uani, katika pipa. Dawa za kupimia babu hakuwa nazo tena, na ulimi wake ulikuwa wa mvuta tumbaku, kwa hiyo kipimo kikawa ulimi wa bibi. Alibandua kipande chembamba, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Kikimchoma kama betri ya redio, alisema, "Bado inauma, baba Rehema." Kikitulia, alisema, "Imelala." Hapo ndipo babu alipokata miche, na mtaa mzima ulinunua ukimwita Mkemia. Jina hilo alilipenda kuliko chakula.

Msimu wa vuli nilipomaliza shule ya msingi, alikuja Mama Hamisi, aliyekuwa akifua nguo za watu. Mikono yake ilikuwa myekundu, ngozi inatoka. "Mkemia, nitazame. Hii umeniuzia sabuni au umeniuzia moto?" Babu alichukua mche, akauramba, akatema papo hapo; ulikuwa mkali hata kwa ulimi wake wa tumbaku. Akaingia ndani, nami nikamfuata. "Mama Rehema, hebu onja." Bibi akaonja, akafumba macho kama kawaida yake. "Imelala," akasema. Babu akakoroga chumvi nyingi katika kikombe cha maji, akampa. "Na hii?" Bibi akanywa. "Maji. Kwani vipi?" Miaka yote ile kostiki ilikuwa ikiula ulimi wa bibi kidogo kidogo, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Tulikuwa tumelalamikia tu mchuzi wake uliozidi chumvi.

Babu akatoka nje na kumwambia Mama Hamisi, mbele ya watu, "Nimekosea vipimo. Kosa ni langu." Bibi alitaka kutoka akaseme ukweli. Babu akamshika mkono. "Kaa. Mimi nitasemwa yatapita. Wewe watasema umewachoma kusudi." Hayakupita. Hao hao waliokuwa wakimwita Mkemia walianza kusema hakuwahi kuwa mkemia, alikuwa mfagiaji wa kiwanda aliyeokota ufundi. Watoto walimwimbia njiani. Sabuni haikununuliwa tena, pipa likaoza kwa kutu, sekondari nikaikosa. Babu aliacha kwenda barazani, kisha akaacha kuitikia salamu. Alipokufa, nilisikia waombolezaji wakiulizana aliyekufa ni nani, na mmoja akajibu, "Yule mpika sabuni."

Sasa nasafisha vyumba vya hoteli West Bay. Sabuni zetu huja katika chupa za rangi, na msimamizi hatuachi tushike hata kifuniko bila glovu. Kila chupa imepimwa na mtu mahali fulani, na hakuna anayemuuliza kama kweli amesoma. Zamani nilidhani nikifika mbali namna hii, uchungu wa nyumbani ungepungua. Haukupungua. Bibi yuko hai, lakini kumbukumbu zinamtoka. Ijumaa iliyopita nilimpigia, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi babu yako alikuwa mkemia kweli, au alinidanganya?" Nilimwambia, "Alikuwa, bibi." Akasema, "Wewe utajuaje? Hukukiona kile kiwanda."

Ndiyo maana nawaandikia ninyi watu wa Tanga, popote mlipo. Kama wewe, au baba yako, au mama yako, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni Tanga, na anamkumbuka mtu mfupi, mvuta tumbaku, aliyekuwa akipima sabuni maabara, tafadhali niandikie, hata mstari mmoja. Nitamsomea bibi kwenye simu wakati bado anaijua sauti yangu. Na kama mnamkumbuka akiwa na ufagio, niandikieni pia. Mstari huo nitausoma peke yangu.